Daktari wa Bendi ya Tano

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Bendi ya tano! Sisi! Nimesoma kwa simu ya Mama mara tatu, nikadhani ni ule ufa wa kioo unaonidanganya. Nikatembea hadi Githongo, Ednah wa saiba akanifungulia kwenye kompyuta yake kubwa. Tano. Kwenye ufadhili wa chuo, hiyo ni bendi ya wenye nacho. Watoto wa wale wa mashamba ya ngano kule Timau, watoto wa wakubwa wa Nairobi, na mimi.

Nimeitwa kusomea udaktari, miaka sita. Serikali itatoa ruzuku kidogo na mkopo kidogo, na kila mwaka nyumbani watoe laki mbili na elfu arobaini na nne. Laki mbili! Nyumba hii ambayo juzi tuliazima chumvi. Kuripoti ni tarehe mbili Septemba. Bila malipo ya muhula hakuna kuandikishwa, na nafasi anapewa mwingine.

Sasa Mwongera. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa Baba Mdogo Bundi, boma zetu zimetengwa na ua tu. Ameitwa kusomea sheria. Bendi ya kwanza — hohehahe kabisa! Nyumba yao ni ya mawe, choo kiko ndani, lori limelala uani, na wana duka la saruji na mabati Nkubu. Amenitumia ujumbe: "Pole, tajiri."

Nimeufuta.

Jumanne, 6 Agosti

Nimejua ilivyotokea. Ednah amenisimulia huku akijizuia kucheka.

Mwezi wa tano nilikuwa Timau, kibarua cha kupanga maharagwe kwenye visanduku. Nikampigia Baba aende kwa Ednah anijazie ile fomu ya hali ya familia. Akaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yake mtu wa pili alikuwa nani? Mzee Murithi! Murithi ambaye wanagombea naye kiti kimoja, ukurugenzi wa kiwanda cha kahawa. Ednah akauliza, mzee, kahawa yenu ni kilo ngapi kwa mwaka? Baba hakumjibu Ednah. Alimjibu Murithi. Ati alisema kwa sauti ya kanisani: "Elfu nne, mia moja na ishirini!" Na akatoa karatasi ya kiwanda kuthibitisha.

Na karatasi haidanganyi. Karatasi inasema nambari 217, Kaberia M'Mukiri, kilo 4,120, wa kwanza kwenye orodha iliyobandikwa ukutani kiwandani. Ila hiyo nambari ni ya Babu. Babu alipofariki ilibaki kwa Baba kwa sababu ndiye kifungua mimba, na wadogo zake wanne wote wanapeleka kahawa yao kwa nambari hiyo hiyo, kwa kuwa shamba halijawahi kugawanywa kortini. Malipo yakitoka Baba anaketi mezani na rundo la risiti, anawagawia. Nyumba tano zinakunywa kwenye sufuria moja, lakini mfuniko una jina la Baba peke yake.

Kwa hiyo Baba kwenye karatasi ni bepari wa kahawa. Na Baba Mdogo Bundi kwenye karatasi hana hata mti mmoja. Kahawa: hakuna. Nambari: hakuna. Lori bado linadaiwa na benki, kwa hiyo aliandika ni la benki. Duka liko kwa jina la mkewe, na kazi ya mkewe waliandika "mkulima" — kweli ana vitunguu nyuma ya duka. Sentensi moja ya uongo haimo!

Nimemuuliza Baba kwa nini hakusema kilo zake mwenyewe. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza uzito wa Mama. Sheria ya kiwanda inasema mkurugenzi lazima apeleke kilo elfu tatu kwenda juu. Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba. "Nambari ya mzee haigawanywi," akasema, akatoka kwenda kupogoa.

Jumatano, 7 Agosti

Benki, Meru mjini. Baba alivaa koti.

Msichana wa mikopo alikuwa na kucha ndefu na tabasamu refu zaidi. Alipoona barua ya udaktari akatuletea maji. Wana mkopo maalum wa wanaosomea udaktari na sheria, alisema, kwa sababu hao watu hulipa. Wengine? Wengine waje na mshahara wa baba. Nikajiona mtu! Kwa dakika ishirini nilikuwa dhamana inayotembea.

Kisha akaomba hati ya shamba. Baba akaitoa, imekunjwa ndani ya Biblia. Msichana akasoma: M'Mukiri wa Ikiara.

"Huyu ndiye mwenye shamba? Tungeomba aje atie sahihi."

"Yuko shambani," Baba akasema.

"Anaweza kuja lini?"

"Yuko shambani kando ya migomba. Tangu elfu mbili na tisa."

Tabasamu likaenda pahali pake. Maji hatukumaliza.

Ijumaa, 9 Agosti

Kuna mkopo mwingine! Chama cha akiba cha wakulima wa kahawa. Wao hawataki hati. Wanaangalia kilo tu, halafu wanakata kwa malipo ya kahawa. Kwa kilo 4,120 Baba angepata za mwaka mzima bila jasho. Nimeruka kama mtoto.

Mama akaniambia nikae chini nifikirie. Nikakaa. Nikafikiria. Wakikata, wanakata kwa nambari 217. Yaani kahawa ya Baba Mdogo Bundi na wale wengine watatu itanisomesha mimi udaktari bila wao kuulizwa.

Basi tukawauliza. Kikao kilikuwa kwa Bundi, kwenye makochi yenye vitambaa. Wale watatu walitazama chai. Bundi ndiye aliyesema, kwa upole, huyu mtu ana upole wa kuudhi: kaka, mtoto ni wetu sote, lakini kila mmoja ana mzigo wake. Baba akamwambia basi awe mdhamini tu, kwa lori lake. Bundi akaweka kikombe chini.

"Mimi ni bendi ya kwanza, kaka. Maskini atamdhaminije tajiri?"

Walicheka wote. Hata Baba alicheka! Mimi sikucheka. Nilitaka kuita lori lije lijitetee lenyewe.

Jumapili, 11 Agosti

Sijui niandikeje hii bila kuchana karatasi.

Baada ya ibada mchungaji ametangaza mchango. Wa nani? Wa Mwongera! Mtoto wetu wa bendi ya kwanza, anaenda chuo hana hata godoro. Na mwenyekiti wa mchango, mtu mwenye kuheshimika, mzee Kaberia M'Mukiri. Makofi. Baba akapanda mbele. Mzee Murithi alikuwa benchi la tatu, amekunja mikono, anangoja aone mtu wa kilo elfu nne atatoa nini.

Baba ametoa elfu tano.

Najua hizo elfu tano. Nazijua zote kwa sura. Ni zangu za Timau, wiki saba za kusimama kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi. Nilimpa anitunzie za nauli na shuka. Amezihesabu moja moja mbele ya kanisa lote, na watu wakasema ameen.

Nimekasirika! Nimemchukia leo, na ni Jumapili. Mama amenipikia mukimo, nimekula mukimo wa hasira.

Jumanne, 13 Agosti

Mwongera amekuja. Akasimama mlangoni kama mtu wa kudai kodi, akanipa elfu mbili kati ya zile tano. Zile zingine babake ameshazigeuza saruji. Nilitaka kuzikataa. Nimezichukua.

Kisha akafungua laptopu mpya (bendi ya kwanza ina laptopu) akasema ataniandikia rufaa. Hajaingia darasani hata siku moja lakini tayari anaongea wakili mtupu. "Kwa kuwa mlalamikaji." "Kwa mujibu wa." Nikamwambia rufaa ni rahisi, andika tu kweli: kilo ni za nyumba tano, na mmoja wao ana lori na duka. Akaacha kupiga vibonye.

"Nikiandika hivyo, na mimi nitapanda bendi," akasema. "Tutabaki nyumbani wote wawili."

"Hiyo ndiyo inaitwa usawa mbele ya sheria?"

Akafuta mistari miwili aliyokwisha kuandika. Wakili gani huyu. Mwishowe tumeandika kwamba kilo si za baba yangu peke yake, bila kutaja ni za nani zingine. Nimejisikia mchafu kidogo na mwerevu kidogo.

Mwisho wa kupokea rufaa ni Jumatano ijayo, tarehe ishirini na moja, saa kumi na moja jioni.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo nimeona kioja cha mwaka.

Rufaa inataka barua ya chifu kwamba familia haijiwezi. Ugombeaji wa Baba nao unataka barua ya chifu kwamba ni mtu wa uwezo na mwenendo mwema. Tumekutana kwa ofisi ya naibu wa chifu, Salesio, mimi nikiwa na yangu, Baba na yake. Hatukuwa tumepanga! Salesio akaziweka kando kwa kando mezani. Akavaa miwani. Akavua.

"Kaberia wa huku," akasema, "ni yule Kaberia wa huku?"

Baba akasoma kalenda ya ukutani. Mimi nikasema ndiyo, chifu.

Salesio ni mtu mzuri, hakutuaibisha. Akasema mtu anaweza kufilisika kati ya saa nne na saa tisa, ameona wengi. Akapiga muhuri ile ya uwezo. Alipoinua muhuri kwa yangu, Baba akamshika mkono. Polepole tu. Akamwomba angoje Jumatatu. Kura zikishapigwa ataandikiwa umaskini wowote, hata wa kupindukia, lakini si leo, maana karani wa hapo nje ni shemeji yake Murithi.

Tulirudi kwa miguu hadi kwenye daraja. Hapo Baba akasema nisidhani hajali. Kwa miaka kumi na tano, ati, watu wamekuwa wakimwambia nafasi ya Babu imejazwa na jina tu. Akinyimwa kiti kesho basi walisema kweli. Nimemwambia nami nikinyimwa nafasi hakuna mwaka mwingine. Akaitikia kwa kichwa. Ameahidi. Jumatatu.

Jumamosi, 17 Agosti

Ameshinda! Baba ni mkurugenzi!

Kura 188, Murithi 141. Walimsomea kilo zake mbele ya mkutano, "elfu nne, mia moja na ishirini," watu wakapiga miluzi, naye akasimama pale na koti lake, mwembamba, amenyooka. Sikujua anaweza kunyooka hivyo. Nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Ndiyo, mimi! Nilikuwa nimesahau kwamba nimekasirika.

Baba Mdogo Bundi alinunulia watu soda. Kumbe maskini ana kreti sita kwa lori la benki.

Jumatatu, 19 Agosti

Salesio ametimiza. Hatujiwezi, na muhuri juu.

Nikakimbia kwa Ednah kupakia kila kitu. Akasoma barua ya chifu, akasoma rufaa ya wakili wetu, akatikisa kichwa. Chifu anajua umaskini, hajui kilo, akasema. Kwa kuwa mara ya kwanza tulileta karatasi ya kiwanda, kuibatilisha lazima iwe karatasi ya kiwanda. Barua inayotaja kilo za mwanachama mwenyewe, bila za ndugu, yenye muhuri.

Nikashuka kiwandani. Meneja hakusumbua, akapiga chapa papo hapo, muhuri akaweka. Lakini pa kuandika kilo ameacha nafasi. Na chini kuna mstari wa sahihi. Barua za namna hii, asema, hazitoki bila mkurugenzi wa eneo. Ndiye anayejaza, ndiye anayetia sahihi, nakala inabaki kwenye faili ambalo mwanachama yeyote anaweza kuomba kulisoma.

"Mkurugenzi wa eneo lenu ni nani sasa?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Ni mgeni, katoka Embu mwezi jana.

Nimecheka hadi nimekaa kwenye magunia. Sijui kama ilikuwa kicheko.

Akiandika kilo zake za kweli, haziwezi kufika elfu tatu, na kiti kimeenda — kabla hata hajakikalia. Akiandika za nambari yote, nabaki bendi ya tano na nabaki hapa. Nimeiweka barua mezani. Ameisoma. Amesema ataifikiria.

Jumanne, 20 Agosti

Hajaifikiria. Yaani hajaigusa. Ameshinda kwenye mtaro wa maji tangu asubuhi, mtaro ambao hauna shida yoyote.

Mchana Mama ametoa lile debe la risiti chini ya kitanda. "Tuhesabu zetu," akasema, "angalau tujue tunabishania nini." Kila risiti ina alama ya kalamu ya risasi, mwenyewe ni nani. Bundi ana nyingi kupita wote, rundo lake lilikuwa nene kama kitabu cha nyimbo. Letu lilikuwa jembamba. Nikajumlisha, nikarudia. Mia nne na kumi na mbili. Mwaka mzima!

Nikamuuliza Mama, na ile miti yetu ya kahawa ya chini mtoni, risiti zake ziko wapi. Alikuwa anafunga debe. Ile imekodishwa, akasema. Tangu lini? Tangu nilipokuwa kidato cha pili. Kila muhula mistari miwili au mitatu ya miti, kwa mtu wa Nkubu, miaka minane minane. Karo yangu ya shule ilitoka wapi, nilifikiri? Mbinguni?

Na mimi humu nimeandika kurasa na kurasa juu ya mtu anayependa makofi. Nimeona aibu, hata kuandika ninaona aibu. Lakini hasira nayo haijaenda yote. Alikuwa aseme tu! Kama angesema hizo mia nne mwezi wa tano, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtu yeyote yule, sasa hivi ningekuwa nakunja nguo.

Wakati wa chai Mama amemwambia bila kuzunguka, akimwita kwa jina langu: "Baba Kawira, hicho kiti kina mshahara?"

"Kina posho ya kikao."

"Na daktari?"

Baba akapuliza chai ambayo ilikuwa imepoa.

Jumatano, 21 Agosti

Saa tatu na nusu. Naandika hapa hapa mezani ili macho yangu yawe na kazi.

Ameingia sasa hivi kutoka zizini. Amenawa mikono, amevaa koti. La uchaguzi. Ameniomba kalamu, nimempa hii ya akiba, ya bluu. Mwongera yuko nje na pikipiki aliyoazima, anikimbize kwa Ednah kabla mtandao haujajaa. Haingii. Amezima injini.

Baba anasoma kwa kidole. "Mimi ______, mkurugenzi wa eneo, nathibitisha kwamba mwanachama ______, nambari 217, kahawa yake mwenyewe kwa mwaka ni kilo ______."

Kwenye nafasi ya kwanza ameandika Kaberia M'Mukiri. Kwenye ya pili ameandika Kaberia M'Mukiri. Amecheka kidogo kwa pua. Ati anajithibitisha mwenyewe, kazi yake ya kwanza ofisini.

Ameniuliza kama mkurugenzi huandikwa kwa herufi kubwa. Nimemwambia haidhuru, Baba. Wewe andika kilo tu.

Mama ameacha kukatakata mboga.

Ameandika nne. Anaandika taratibu, namba zake ni kubwa, za mtu wa darasa la saba. Ameandika moja. Ameandika mbili.

Hapo ilipofika ni mia nne na kumi na mbili. Mbele yake kumebaki nafasi ya namba moja, meneja aliacha mstari mrefu. Akiweka sufuri ni elfu nne, mia moja na ishirini.

Hajaweka nukta. Hajaweka kalamu chini. Ameniuliza, bila kuinua kichwa, udaktari ni miaka mingapi vile.

Nimesema sita. Bado ameinama, na kalamu bado iko juu ya karatasi